Ilimba, zeze, nyatiti au udi: uende na ala gani kwenye kikao cha kupiga bila kupanga?

Kuna vikao vya muziki ambavyo hakuna wimbo uliopangwa. Watu wanne, watano, wanakaa mkekani bila spika wala waya. Mmoja anaanza kugusa ala yake, wa pili anamsikiliza kidogo kisha anaingia, na saa nzima inapita bila mtu kuuliza "tupige wimbo gani?" Mtu akihudhuria mara moja kama msikilizaji, hutoka na hamu ya kuwa na ala yake. Hapo ndipo anapokwama, kwa sababu ala zinazomvutia ni nne na pesa aliyonayo ni ya moja.

Nitazilinganisha nne ambazo wanaoanza katika ukanda wetu huniuliza zaidi. Ilimba ni marimba ya mkono ya Wagogo wa Dodoma, sanduku la mbao lenye ndimi nyingi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Zeze ninalolisema hapa nalo ni la Wagogo: kibuyu, mti, nyuzi za waya na upinde. Nyatiti ni ala ya nyuzi nane ya Wajaluo wa magharibi mwa Kenya. Udi ni ile ya taarabu, nyuzi 11, shingo fupi isiyo na vyuma vya kugawa sauti kama vya gitaa.

Niseme mapema nilikoegemea. Ilimba na zeze nimekaa nazo miaka, udi napapasa, nyatiti nimeijua kwa kukaa pembeni ya wanaoipiga. Pima maneno yangu ukilijua hilo.

Vipimo

Wengi huchagua ala kwa kuisikiliza ikipigwa peke yake. Kwa kikao cha namna hii, hicho ni kipimo kibovu. Ala inayokuliza ukiwa peke yako chumbani inaweza kuwa kero mbele ya wenzako. Mimi hutazama mambo matano, na nimeyapanga kwa uzito: upatano wa sauti na ala nyingine, kazi ambayo ala inaweza kuifanya ndani ya kundi, nguvu ya sauti bila kipaza, muda wa kujifunza na mahali pa kujifunzia, mwisho, kuipata na kuitunza. Bei imo humo kwenye la mwisho. Najua wengine wangeiweka ya kwanza.

Upatano

Vikao vingi huvunjikia hapa, na wenyewe hawajui kilichowavunja. Jioni moja tulikuwa na ilimba iliyopatanishwa Kigogo, kalimba ya dukani yenye ndimi 17, na gitaa. Kila mmoja akipiga peke yake alikuwa mtamu. Tukiingia pamoja, meno yanatia ganzi. Tukaanza kutazamana kwa jicho la nani-anakosea.

Hakuna aliyekosea. Ukigusa uzi mmoja, juu ya sauti yake ya msingi huamka sauti nyingine zenye mtetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi, na kuendelea. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo, hasa ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi. Msingi ukiwa C (herufi hizi ni majina ya sauti kwenye piano), unapata G, kisha B-bemoli ya aina yake, yaani B iliyoshushwa, kisha C, D na E. Hiyo B-bemoli ndiyo yenye kesi: iko chini ya ile ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, hatua ya kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachokifuata. E nayo iko chini kidogo. Programu ya simu ya kupatanishia itakuwakia nyekundu. Usiitii. Ukipandisha ulimi mpaka taa iwe kijani, utabaki na sanduku lenye vyuma.

Kalimba ya dukani ni ndugu wa mbali. Ilisambazwa duniani na Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, kuanzia miaka ya 1950, na ndimi zake hufuata do-re-mi ya piano. Gitaa vilevile. Tulichofanya jioni ile ni kumwomba mwenye gitaa aache kodi zote, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ashushe uzi wa A uwe G na wa D uwe C, apige hizo mbili tu. Kalimba ikapumzika. Kikao kikapona papo hapo, maana C na G hazina ugomvi na sauti yoyote ya Kigogo.

Sasa zitazame ala zenyewe. Ilimba haibadiliki kirahisi. Unaugonga ulimi taratibu kuusogeza: ukirefuka sauti inashuka, ukifupika inapanda, na nta kidogo chini ya ncha huishusha zaidi. Hiyo ni kazi ya nyumbani mchana, haifanyiki wenzako wakiwa wamekaa wanakungoja. Maana yake ni kwamba ukija na ilimba, wengine ndio watakaokufuata. Kundi lisilotaka kumfuata mtu, ilimba haliiwezi.

Zeze linaimba lugha moja na ilimba, lakini waya unakazwa au kulegezwa kwa sekunde, na kidole kinaweza kuteleza kutafuta sauti iliyopo. Nyatiti iko katikati. Haina kimo cha kudumu. Mwenyewe huipatanisha kulingana na koo lake, kwa hiyo dakika chache zinatosha kuisogeza ikutane na wenzake. Ikishawekwa, umebaki na sauti nane mpaka mwisho.

Udi, kwa upatano peke yake, ndiyo mgeni mpole kuliko wote. Shingo haina vyuma, na maqamu za Kiarabu, yaani skeli zake, zenyewe zina sauti zinazokaa kati ya vitufe vya piano, kwa hiyo sikio la mpiga udi halishtuki likikutana na B-bemoli ya Dodoma. Upole huo una sharti lake: kidole kijue kinakokwenda. Cha anayeanza hakijui.

Anayedhani haya ni matatizo ya wapigaji wa mkekani tu, atazame Nile Project, iliyoanza 2011 kukutanisha wanamuziki wa nchi za bonde la Mto Nile. Ala za ukoo wa nyatiti zimetapakaa kutoka Misri hadi Uganda, kila moja na skeli zake, na ilibidi wapigaji wajifunze kwanza skeli za wenzao.

Kazi ndani ya kundi

Kwa haraka ungesema ilimba na nyatiti hutandika mkeka, zeze na udi huja kukaa juu yake na kuongea. Ni kweli kwa nusu.

Ilimba inazunguka. Vidole gumba viwili vinapishana, mzunguko unarudi uleule, na ubunifu wake ni wa punje punje: mara hii ulimi mmoja umeongezwa, mara ijayo mmoja umerukwa. Baadhi ya ndimi hazipigwi kabisa. Zipo ili zitetemeke zenyewe jirani zake wakiguswa. Anayeingia baadaye anapata mahali pa kukanyaga. Ukiwa mtu wa kutaka kusikika peke yako, utaona umegeuzwa mtumishi. Wengine wanaupenda utumishi huo kuliko kitu chochote, mimi mmojawapo.

Nyatiti inatandika mkeka na kuukalia yenyewe. Mpigaji amekaa kwenye kigoda kifupi, mikono miwili kwenye nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mbao za ala, njuga zinalia mguuni, na koo linaimba. Ni bendi nzima ndani ya mtu mmoja. Zaidi ya hapo, ubunifu wa asili wa nyatiti uko kwenye maneno kabla ya kuwa kwenye nyuzi: mpigaji huwataja waliopo, husifu, huomboleza, naye msikilizaji anaweza kumsimamisha ili ajisifu mwenyewe au amsifu rafiki yake, ndiyo pakruok ya Wajaluo. Kwenye kundi linalopenda mazungumzo ya namna hiyo, hakuna ala inayoifikia. Kwenye kundi la ala tupu, mpigaji itabidi ajipunguze: aache njuga, aache pete, pengine abaki na mkono mmoja. Msikilize Ayub Ogada kwenye albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo, uone kiasi gani kinaweza kusemwa kwa nyatiti iliyotulia.

Zeze nalo, kwa desturi ya Wagogo wenyewe, huzunguka; mazeze kadhaa hupigwa pamoja yakifuata nyimbo. Lakini upinde hauachi sauti ife, na hilo ndilo kundi la ilimba, nyatiti na udi linalolikosa, kwani zote tatu zikishaguswa sauti yake inaanza kufifia. Upinde unaweza kushika sauti moja dakika nzima wengine wakizurura juu yake. Tena zeze liko karibu na koo la mtu kuliko ala nyingine hapa. Marehemu Hukwe Zawose (1938–2003), aliyelifikisha zeze na ilimba mbali na Dodoma kuliko mwingine yeyote, alikuwa akiimba sambamba nalo hadi unashindwa kujua uzi umeishia wapi na koo limeanzia wapi.

Udi ina jambo ambalo hizo tatu hazina kwa namna ileile: taksim. Hii ni sanaa ya kubuni papo hapo yenye adabu zake. Mpigaji anaanza karibu na sauti ya makao, anapanda polepole, anapitia maqamu ya jirani, kisha anarudi, na msikilizaji mzoefu anajua kabisa kwamba amerudi. Mapigo hayamfungi. Ukitaka kujifunza kubuni kwa njia yenye sheria, udi ndiyo shule. Ila nimeona mara nyingi mpiga udi akianza taksim yake, wengine wanaweka ala chini na kuwa wasikilizaji. Taksim ni hotuba. Kwenye kikao cha watu watano, hotuba ya dakika nane ni ndefu, hata iwe tamu vipi.

Sauti inafika wapi

Hapa ni pafupi. Zeze linapenya, utalisikia hata penye ngoma. Nyatiti ina mwili wa kutosha, na pete ya mguu inaifikisha. Ilimba ni ya kimya, ingawa tundu la sanduku lililozibwa kwa utando wa mayai ya buibui huongeza mkwaruzo unaoisaidia sauti kusafiri. Udi ni ya chumbani au ya uani usiku. Kundi lenu likiwa na mtu wa djembe asiyejua kupiga kwa ncha za vidole, ilimba na udi zote mbili zitaonekana midomo ikichezacheza tu.

Kujifunza

Ilimba inakupa kitu siku ya kwanza. Ndimi zimeshapatanishwa, hakuna sauti mbaya ndani yake, na kufikia mwisho wa mwezi unaweza kukaa kwenye mzunguko mmoja nusu saa bila kupotea. Ugumu wake huja baadaye, pale vidole gumba viwili vinapotakiwa kufuata mapigo tofauti. Zeze ni kinyume: mwezi wa kwanza ni wa paka aliyekanyagwa mkia, na majirani watakujua. Ukishavuka hapo, mwendo unakuwa wa haraka, hasa ukiwa mwimbaji.

Nyatiti ni mikono, mguu na koo kwa pamoja, na kila kimoja ni rahisi mpaka ujaribu viwili. Udi ndiyo safari ndefu zaidi. Kushika risha, kile cha kugusia nyuzi, vizuri peke yake ni miezi, na maqamu hazisomeki kwenye karatasi zikaeleweka; zinataka mtu wa kukusahihisha.

Walimu, basi. Kwa ilimba na zeze, nenda Dodoma vijijini au Bagamoyo, ambako ipo TaSUBa, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na ambako familia ya Zawose imeweka makazi. Kwa udi ni Unguja, ambako chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiko hai tangu 1905. Mombasa na Lamu pia wapo wa kuwafuata. Kwa nyatiti ni Siaya na Kisumu, au Nairobi kwa asiyeweza kusafiri.

Dada zangu huuliza swali la ziada, nalo ni la haki. Nyatiti kwa mila ilikuwa ya wanaume. Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la Anyango, alikwenda magharibi mwa Kenya miaka ya 2000 akafundishwa, na sasa si ajabu tena kumwona mwanamke akiipiga. Upande wa Wagogo, wanawake walijulikana kwa ngoma za muheme na uimbaji huku zeze na ilimba zikiwa mikononi mwa wanaume, mpaka Pendo na Leah Zawose, wakijiita Zawose Queens, walipotoa albamu yao Maisha mwaka 2024. Mwalimu mmojammoja bado ana msimamo wake, kwa hiyo muulize kwa heshima kabla hujalipa nauli. Kwenye udi hutakutana na swali hilo kwa uzito huo.

Kuipata na kuitunza

Ilimba unaibeba kwenye mkoba. Ukiishi pwani, futa ndimi kila baada ya kupiga, maana chumvi ya baharini na jasho la vidole vinaleta kutu, na ulimi wenye kutu hubadilisha sauti. Zeze ni jepesi lakini kibuyu kikianguka habari imekwisha. Nyatiti ni kubwa, haina urafiki na daladala wala matatu saa za jioni. Faraja yake ni kwamba nyuzi zake za siku hizi ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, unaonunua popote penye wavuvi.

Udi ndiyo ya gharama, yenyewe na nyuzi zake. Mbao zake nyembamba hazipendi kuhamishwa ghafla kutoka unyevu wa Unguja kwenda ukavu wa Dodoma, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kuifungua gundi. Ukinunua iliyotumika, tazama umbali wa nyuzi kutoka kwenye shingo. Zikiwa juu sana pale shingo inapokutana na tumbo, shingo imepinda; mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Zingine tatu mara nyingi utanunua kwa fundi moja kwa moja. Usinunue ya ukutani. Nilishauziwa ilimba iliyochorwa twiga, nzuri mno machoni, ndimi zake zimepangwa kwa urefu tu bila sauti yoyote. Nilijifunza kumwambia fundi aipige yeye kwanza, dakika tano, mbele yangu.

Kwa hali yako

Kama kundi tayari lipo, usianzie dukani. Nenda ukae nao mara mbili bila ala, uhesabu kilichopo. Wakiwa na vitu vya kuguswa tupu, ilimba mbili na gitaa kwa mfano, ala yako ni zeze hata kama moyo wako uko kwenye udi, kwa sababu hakuna anayeshika sauti ndefu. Wakiwa na filimbi, zeze na mwimbaji, wote wanaongea na hakuna mkeka: lete ilimba, au nyatiti iliyopunguzwa.

Kama ni wawili tu, wewe na rafiki mwenye ngoma ndogo, nyatiti ina raha ambayo hizo nyingine hazina. Kama ni wewe na mwimbaji wa Kiswahili mwenye mashairi, udi. Hapo hotuba yake inapata mtu wa kujibizana naye.

Kama hujawahi kupiga ala yoyote na unataka kuingia kikaoni kabla mwaka haujaisha, ilimba. Kama umetoka kwenye gitaa au fidla, vidole vyako vitakushukuru kwa udi na zeze kwa mfuatano huo, ingawa mwenye gitaa asitegemee kodi zake kumsaidia. Kama unaimba kanisani au kwenye kaswida na sikio lako ni zuri kuliko mikono yako, zeze. Kama huna mwalimu karibu na hutampata, udi isubiri.

Walioko Muscat wana bahati ya udi: ala na mafundi wake wapo mtaani kwao, na kuagiza ilimba kutoka Dodoma ni shughuli. Walioko Ulaya au Marekani mara nyingi wanaweza kuipata kalimba ya ndimi 17 kwa urahisi na hawapati kingine. Nayo inafanyika. Kila ulimi wa B uvute nje taratibu mpaka ushuke kwa nusu toni moja na theluthi. E zishushe kidogo sana, mpaka zitulie zikilia pamoja na C. F na A hazina kazi, kwa hiyo zifunge kipande cha karatasi zisilie kwa bahati mbaya. G, B yako mpya, C, D, E: anza na hizo tano, kidole cha kushoto, cha kulia, kushoto, kulia, na usiongeze kitu kwa wiki nzima.